Kopo la Juu ya Kisiki

Kopo halikuwa limefichwa. Hiyo ndiyo kasoro ya kwanza, na Dira aliiona kabla ya wote.

"Mama, mchezo wenyewe ni kuficha," alisema, simu ikiwa mkononi. "Hili wameliweka tu."

Lilikuwa kopo la biskuti, la bati, limekaa juu ya kisiki mahali penye uwazi katikati ya msitu, kama kitu alichokiacha mezani mtu aliyeinuka kwenda kufungua mlango. Njia nzima ndege walikuwa wakipiga kelele juu ya vichwa vyao. Pale walikuwa kimya.

Dira alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu tangu darasa la pili hakuna ramani iliyowahi kumpiga chenga. Mchezo huo wa kusaka vikopo alikuwa amewaeleza mara tatu tangu Ijumaa. Watu wasiojuana huficha vikopo porini, ufukweni, chini ya madaraja, kisha huweka alama kwenye ramani ya simu, na wengine huenda kuvitafuta. Ukikipata unaandika jina kwenye kidaftari kilichomo, na ukipenda kitu kilichomo, gololi au kifungo cha shati, unakichukua na kuacha chako. Zawadi hakuna. Ni jasho tu na kupigwa na matawi.

Mama yake alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. Kila mtu alimwita Sista, hata mumewe alipotaka kumchokoza. Alikuwa ametoka zamu nne za usiku mfululizo, na Ijumaa alilala ndani ya gari safari nzima, kichwa kikigonga kioo. Mumewe, fundi wa lifti, ndiye aliyepanga hiyo nyumba ya siku tatu: mbele barabara na bahari, nyuma uzio na msitu. "Utapumzika," alimwambia. Lakini mama mwenye watoto akihamia nyumba nyingine hapumziki, anabadilisha sufuria tu. Jumamosi asubuhi walishinda ufukweni, Sista akikimbizana na Kitinda, kifunga mimba wao wa miaka minne, asiingie kwenye maji ya kina. Alasiri ikawa zamu ya msitu.

Fundi alifungua kopo. Halikuwa na daftari wala gololi. Ilitoka harufu tu, ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo kwa siku kadhaa.

"Hakuna cha kuchukua," alisema.

"Basi tuache kitu," Dira akasema. "Atakayekuja asikute patupu."

Fundi alijipapasa mifuko akapata funguo za gari tu. Sista alikuwa ameketi juu ya mzizi, Kitinda amemlalia mapajani, nyayo zikimwaka moto.

"Mimi sina kitu," alisema. "Labda niliachie uchovu wangu. Wote. Na likitaka wa ziada, nyumbani upo."

Mumewe akacheka. Naye Sista, kwa kuwa mzaha ukianza humalizwa, aliliinamia kopo akapumua ndani yake pumzi moja ndefu. Dira akarudisha mfuniko. Ulijibana wenyewe kabla hajaubonyeza.

Sista aliposimama, miguu haikumuuma.

Alimbeba Kitinda mpaka nyumbani bila kumhamisha bega. Alipika, akaosha vyombo, akafua nguo za baharini, akafagia mchanga. Saa nne wenzake walipokwenda kulala yeye hakuwa na usingizi hata wa dawa, akatoka nje kuosha viatu, kisha mazulia ya gari, na alipoinua macho kulikuwa kumekucha. Hakupiga hata mwayo mmoja. Alijiambia hewa ya bahari imemfaa.

Asubuhi hiyo ya Jumapili alikuwa akimvalisha Kitinda shati.

"Mama, mkono wako umepata joto," mtoto alisema.

"Ulikuwaje kabla?"

"Wa baridi. Ulipokuwa unanikuna mgongo. Ulikaa hapa, ukahema, ukahema." Akaigiza: mabega yakashuka, pumzi ikamtoka kama ya mzee aliyepanda ngazi. "Nikakwambia lala, ukasema huwezi, umechoka."

"Umeota, baba."

"Sijaota. Dira pia alikuona."

Dira alikuwa mlangoni anasuka nywele zake. Hakumtazama mama yake. "Nilidhani umekuja kutuangalia," alisema taratibu. "Ulikaa kitandani kwangu mpaka godoro likainama. Nilikuita, hukugeuka."

Sista akamwinua Kitinda ampakate, na hapo ndipo alipohisi jambo ambalo lilimfanya amrudishe chini haraka. Mtoto hakuwa na uzito. Alikuwa kama kapu tupu. Miaka minne amemjua mwanawe kwa mgongo na kwa kiuno, gramu kwa gramu, na sasa mikono haikumwambia kitu. Baadaye kidogo Kitinda alianguka kibarazani akachubuka goti. Sista alisimama akamtazama akilia, akaona damu, akajua kinachotakiwa kufanywa na akakifanya, lakini ndani yake hakuna kilichoshtuka. Kilichomtisha ni huo utulivu.

Akiwa jikoni alisikia mtu akikaa kitandani chumbani kwake. Chaga zililia moja baada ya nyingine, kama zinavyolia mtu mzito anapojishusha kwa awamu. Ikafuata pumzi. Fundi na watoto walikuwa nje, anawaona kwa dirisha. Alikwenda taratibu, akasukuma mlango kwa kidole. Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda alichokitandika mwenyewe kilikuwa kimebonyea katikati, urefu wa mtu, na kile kibonyeo kilikuwa kikipanda na kushuka. Harufu ya nguo mbichi ilijaa hadi kwenye pazia.

Hakumwambia mumewe. Angeanzia wapi? Akasema tu, "Twendeni ufukweni mapema."

Ilipofika alasiri jua lilikuwa bado kali, maji yamekupwa mbali. Dira alikuwa na kikopo kingine cha kusaka, kwenye miamba upande wa kushoto, na baba yake akaenda naye. Sista alibaki juu ya mkeka na Kitinda, aliyekuwa akichimba shimo kwa kijiko. Aligeuka kutafuta kofia ya mtoto kwenye kapu. Hakuchukua muda wa kuhesabu kumi. Alipogeuka tena, shimo lilikuwepo na kijiko kilikuwepo, na Kitinda alikuwa mbali, anavuka barabara kuelekea kwenye miti, mkono mmoja ameunyoosha juu kama mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima, akiongea, akiinua uso kumtazama yule anayeongea naye, na juu ya ule mkono hapakuwa na mtu.

Alikimbia. Alikimbia bila kuhema, bila kubanwa kifua, na hata katika hofu ile aliona kwamba kukimbia kwa namna hiyo si kwa mwanadamu. Chini yake, kwenye mchanga wa maji, zilikuwepo nyayo za Kitinda, ndogo, hazijakwaruza hata mchanga, na kando yake nyayo nyingine, pana, za mtu mzima, zilizozama mpaka kwenye kifundo, hatua baada ya hatua, kama za mtu aliyetwishwa mzigo usio wa mtu mmoja.

Alimdaka mtoto hatua mbili kabla ya mti wa kwanza.

"Mbona mko wawili?" Kitinda aliuliza. Hakuwa na hofu. Alionekana kuchanganyikiwa tu, kama mtu aliyepewa vikombe viwili.

Nyumbani walimkuta Bi Funguo, mtunza nyumba, amekuja kubadilisha mashuka. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, na rundo la funguo za nyumba zote za kupanga za eneo lile lilining'inia kiunoni mwake, ndiyo maana ya jina. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kulala, mashuka safi kifuani, hajaingia.

"Nani kati yenu aliongea maneno kule msituni?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Fundi na Dira walikuwa wamefika nyuma, wakihema. Wote walimgeukia Sista.

"Kisikini," Bi Funguo akasema. "Kuna kopo. Harufu hii naijua. Nani alisema, na alisema nini? Nitajieni neno kwa neno."

Sista alimwambia. Aliposikia neno "wote," yule mama aliweka mashuka juu ya kiti na kukaa juu yake.

"Mwanangu, ungeacha kifungo," alisema.

"Nilikuwa natania, mama."

"Wewe ulitania. Wao hawana utani." Akashusha sauti zaidi, kwa sababu ya watoto. "Yule wa kisikini hapokei bure. Ukimpa kitu chako anakichukua kweli, na anachukua na nafasi kilichokuwa kimekaa. Umempa uchovu wa kulea. Sasa aliyechoka kwa ajili ya hawa ni yeye. Kwa hesabu yake, mama yao ni nani?"

Fundi alianza kuvuta mabegi. "Tunaondoka sasa hivi."

"Ondokeni. Mtafika naye. Atapanda mbele." Bi Funguo hakuwa akimtisha, alisema kama mtu anayetaja saa ya basi. "Kilichotolewa kwa mdomo kinadaiwa kwa mdomo, na anayedai ni mwenye nacho. Kabla jua halijazama. Akilala na watoto usiku wa pili, hamuwezi tena."

Alichota maji ya bahari kwa birika, akayamwaga kwenye kila kizingiti akisoma dua kimyakimya. Fundi aliambiwa akae na watoto chumba kimoja, awashike mikono, na mtu yeyote akiita kwa sauti ya mkewe asifungue mpaka asikie funguo zikitikiswa. Dira hakulia. Alimpa mama yake simu yenye ramani. Sista akamrudishia, njia ya kwenda kule alikuwa anaijua bila kujua kaijuaje.

Walipokuwa wakitembea, Bi Funguo alimpa masharti. "Usiseme 'wote'. Neno hilo ndilo lililotuponza. Utautaja mmoja mmoja, kama ulivyoupata. Atakuuliza maswali. Usijibu. Na kopo usilivunje. Ukimvunjia nyumba yake atahamia kwako. Mimi nitasimama hapa." Walikuwa wamefika mwanzo wa miti. "Magoti yangu haya yamesafisha nyumba nne tangu asubuhi. Nikiingia mle, uchovu wake atauomba, na leo sijui kama nitamnyima."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Juani bado kulikuwa na mwanga, ila chini ya miti ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Kwenye uwazi, juu ya kisiki, alikuwa ameketi mwanamke, mgongo umemwelekea.

Ulikuwa mgongo wake mwenyewe. Aliujua ingawa hakuwahi kuuona: bega la kushoto limeshuka kwa mkoba wa kazini, shingo imeingia ndani, gauni la zamu, kitambaa cha kichwa kimelegea kwa nyuma kama kinavyolegea kuelekea alfajiri, mwanamke wanayemwona watu waliosimama nyuma yake kwenye foleni ya basi na ambaye yeye hakuwahi kumhurumia hata siku moja. Mabega yalipanda, yakashuka. Kopo lilikuwa mapajani, na sauti ilipotoka haikutoka kichwani, ilitoka mle.

"Umekuja kukaa?" ilisema. Ilikuwa sauti yake pia, ya saa kumi usiku.

Sista hakujibu.

"Nimechoka badala yako. Ni nani mwingine amewahi kukufanyia hivyo? Mumeo? Mama yako?"

Midomo ilikuwa imemkauka. "Uchovu wa zamu ya Jumatatu," alisema. "Ni wangu. Naudai."

Kitu kama jiwe kilimtua begani.

"Uchovu wa Jumatano. Wa Alhamisi. Wa kusimama kwenye basi nikiwa sijavua viatu tangu jana. Ni wangu. Naudai."

"Umeruka Jumanne," sauti ikasema kwa upole.

Alikuwa ameiruka. Alijua ameiruka.

"Niachie hiyo moja, basi. Hata hujamwambia mtu. Kitanda cha tisa, yule aliyekushika kidole, akakuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, ukamwambia wa kike, ukageuka kumpa daktari pamba, na ulipogeuka tena kidole chako kilikuwa bado kimeshikwa lakini aliyekishika hayupo, nawe ukakitoa taratibu, ukanawa, ukaandika saa ya ukutani inasema ngapi, ukaenda kitanda cha kumi kwa sababu kitanda cha kumi kilikuwa kinaita. Hiyo niachie. Utalala vizuri. Utawaona wanao wakikua na hutaumwa na chochote, na mimi nitakaa kona ya chumba, sitawasumbua, nitahema tu. Nani atadhurika?"

Sista alisimama pale, mikono ikining'inia, na ukweli ni kwamba alitaka. Alitaka kwa mwili mzima. Nyuma kule, mbali sana, alisikia Bi Funguo akikohoa, kikohozi cha kawaida cha mtu mzima aliyesimama muda mrefu, na akamkumbuka Kitinda asubuhi mikononi mwake, asiye na uzito, na akaona hivyo ndivyo atakavyokuwa kila mtu kuanzia sasa, atawabeba watoto wake na wagonjwa wake na siku moja jeneza la mama yake na yote yatakuwa mepesi sawasawa.

"Jumanne," alisema, na sauti ilimkatika katikati. "Kitanda cha tisa. Ni wangu. Naudai."

Mwanamke wa kisikini alianza kugeuka. Sista alifumba macho. Harufu ya nguo mbichi ilimjia usoni karibu kabisa, pumzi baridi ikamgusa paji la uso na kubaki hapo kidogo, kama mtu anayempima mtoto homa, kisha ikaondoka. Uzito ulimwingia wote kwa mpigo, magotini, kiunoni, nyuma ya macho. Akaanguka chini kifudifudi. Alilia palepale, mdomo umejaa majani makavu, akimlilia mtu ambaye jina lake alilisoma mara moja tu kwenye kadi. Ndege mmoja alilia juu, kisha mwingine.

Bi Funguo, aliposikia ndege, aliingia akamvuta kwa makwapa mpaka nje ya miti, akiguna. "Mzito wewe," alisema. "Afadhali."

Kizingitini alitikisa funguo. Fundi akafungua. Kitinda alimrukia mama yake miguuni, na Sista akamwinua, akayumba, akalazimika kushika mlango. Alilala saa moja bila kula. Mumewe alikaa sakafuni kando ya kitanda mpaka asubuhi, taa inawaka, na hakuna kilichohema mle isipokuwa mkewe.

Jumatatu waliondoka mapema. Dira alilala nyuma, Kitinda akalala mapajani kwa mama yake, kichwa kikimlemea mkono hadi ukafa ganzi. Hakumhamisha. Barabara ilikuwa tupu. Baada ya mwendo wa saa nzima, Fundi alikohoa.

"Lile nililokuambia juzi usiku," alisema polepole, "naomba libaki kati yetu. Wakilisikia kazini watanitoa kwenye majengo marefu."

"Lipi?"

"La kizunguzungu." Alikuwa akitazama barabara. "Kwamba siku hizi nikisimama juu ya kibanda cha lifti, nikatazama lile shimo, linanivuta. Mwaka mzima sikuwahi kumwambia mtu. Sijui juzi nilipataje ujasiri. Labda kwa vile ulinishika mkono, ukanisikiliza mpaka mwisho. Ulikuwa umechoka sana, lakini ulisikiliza."

Sista alihesabu mti, nguzo, mti mwingine.

"Baba Dira," alisema kwa sauti ya chini, asiwaamshe watoto. "Jumamosi usiku sikulala ndani. Nilikuwa nje naosha mazulia ya gari mpaka kulipokucha."

Gari lilipunguza mwendo lenyewe. Mguu wa Fundi ulikuwa umetoka kwenye mafuta.

"Alikuambia nini?" Sista aliuliza.

"Alisema nisiogope." Alilowesha midomo. "Siku nikiteleza, atakuwa chini kunidaka."

"Ukamjibu nini?"

Fundi alisogeza gari kando ya barabara, akalisimamisha, mikono yote miwili bado ipo kwenye usukani.

"Nilimshukuru," alisema. "Nikamwambia nitamtegemea."

Sista alifumba macho. Mgongo ulikuwa ukimuuma, mkono haujisikii, na kila kiungo kilikuwa kinamwomba alale. Alimweka Kitinda vizuri begani.

"Geuza gari," alisema.